Jua Faili Lako Limelala Wapi

Vituo vingi vya kozi ya kompyuta, kuanzia Dar es Salaam hadi Kisumu, humfungulia mwanafunzi Word siku ya kwanza. Anajifunza kukoza maandishi, kupanga aya na kuchora jedwali, kisha anahamia Excel, kisha PowerPoint, na mwisho anapewa cheti. Mwambie mtu huyo akutumie barua aliyoiandika juzi, utamwona anafungua hiki, anafunga kile, na jasho linamtoka. Barua ipo. Aliihifadhi kwa mkono wake mwenyewe. Asichokijua ni mahali alipoihifadhi, kwa sababu hakuna aliyemfundisha kwamba ndani ya kompyuta kila kitu kina mahali pake.

Kwa maoni yangu mafunzo ya namna hiyo yameanzia katikati. Kabla ya Word kuna mfumo endeshi, yaani programu kubwa inayoamka unapowasha mashine, inayopokea maagizo yako kupitia kipanya na kibodi, inayotunza mafaili yako na kuziwezesha programu nyingine zote kufanya kazi. Ukiuelewa huo, Word utaimudu hata ukiwa peke yako. Usipouelewa, kila programu mpya itakuwa mtihani mpya.

Ugumu huongezeka kwa aliyekulia kwenye simu, na siku hizi ndio wengi. Simu imeundwa ikufiche mafaili: picha ziko ndani ya programu ya picha, nyimbo ndani ya programu ya nyimbo, na ni nadra uulizwe unataka kuziweka wapi. Kompyuta inakuuliza, na jibu lako inalishika vilevile ulivyolitoa. Ukibonyeza "Save" bila kusoma, umejibu swali ambalo hukulisikia.

Hapa nitazungumzia Windows 11, iliyotoka tarehe 5 Oktoba 2021 na ambayo ndiyo inayokuja na kompyuta nyingi mpya. Mwenye Windows 10 naye atafaidika, kwani karibu kila nitakachosema kipo kwake pia, ila ajue kwamba Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya usalama wa toleo hilo tarehe 14 Oktoba 2025. Jambo hili linakugusa zaidi kama unanunua kompyuta ya mtumba, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue. Kabla hujatoa pesa, mwambie muuzaji akufungulie "Settings", kisha "System", kisha "About". Hapo utasoma toleo la Windows, aina ya prosesa na ukubwa wa memori. Halafu akuonyeshe ukurasa wa "Activation" palepale ndani ya "System", uone kama Windows hiyo imeidhinishwa kihalali. Muuzaji anayekwepa kufungua kurasa hizo mbili, mwache aendelee na wateja wengine.

Mkono kwanza

Kipanya kilionyeshwa hadharani na Douglas Engelbart huko San Francisco, Desemba 1968, na kasha la kipanya chake cha mwanzo lilikuwa la mbao. Zaidi ya miaka 20 baadaye watu wengi bado hawakuwa wamewahi kukishika. Windows 3.0 ilipotoka mwaka 1990 iliwekwa mchezo wa karata uitwao Solitaire, na kwa kucheza tu, mamilioni ya watu walizoesha mikono yao kukamata kitu kwenye skrini, kukiburuta na kukiachia. Mchezo huo bado upo, na ninakusihi uutumie. Siku mbili tatu za kuhamisha karata zitakusaidia kuliko kurasa nyingi za maelezo, maana mkono unaotetemeka huifanya akili nzima isahau ilichotaka kufanya.

Matendo ya kipanya ni machache. Kubofya mara moja kwa kitufe cha kushoto huchagua kitu au hubonyeza kitufe cha kwenye skrini. Kubofya mara mbili haraka hufungua. Kubofya kitufe cha kulia huleta orodha ya mambo yanayoweza kufanywa juu ya kitu kile ulichokilenga. Kuburuta ni kubonyeza kitufe cha kushoto, kukishikilia, kusogeza, kisha kuachia.

Wanaoanza hubofya kila kitu mara mbili, nao husumbuka kuona dirisha moja limefunguka mara mbili. Kanuni ni nyepesi. Ikoni zilizo kwenye skrini ya mwanzo, na mafaili na folda zilizo ndani ya dirisha, hufunguliwa kwa kubofya mara mbili. Vitufe, menyu, viungo vya intaneti na vyote vilivyo kwenye upau wa chini, mara moja inatosha.

Kitufe cha kulia ndicho ninachopenda watu wakizoee mapema. Ukikwama, lenga kitu kinachokusumbua, bofya kulia, kisha soma orodha yote kabla ya kuchagua. Mara nyingi unachokitafuta kimo humo: kubadilisha jina, kunakili, kufuta, kuona ukubwa wa faili. Ukiona hakuna unachokihitaji, bonyeza kitufe cha Esc kilicho pembeni juu ya kibodi, orodha itafungwa na hakuna kitakachokuwa kimeharibika. Kama kompyuta yako ni mpakato na huna kipanya, gusa kile kibao cha chini ya kibodi kwa vidole viwili kwa pamoja. Huko ndiko kubofya kulia. Vidole hivyohivyo viwili ukivipandisha na kuvishusha, ukurasa nao hupanda na kushuka.

Unachokiona ukiwasha

Baada ya kuandika nywila au PIN, unafika kwenye skrini yenye picha kubwa na ikoni chache. Hiyo ndiyo Desktop. Chini yake kuna upau wenye kitufe cha Start, programu zilizofunguliwa, na upande wa kulia saa, betri na alama ya mtandao. Mpangilio huu wa kitufe na upau uliletwa na Windows 95 mwezi Agosti 1995. Wazo lenyewe la madirisha, ikoni na kishale ni la zamani zaidi, kwani lilijaribiwa katika maabara ya Xerox huko Palo Alto, Marekani, kwenye mashine ya Alto ya mwaka 1973, kisha Macintosh ya Apple ikalifikisha kwa watu wengi mwaka 1984. Ndiyo maana ukijifunza vizuri kwenye mashine moja hutapotea kwenye nyingine. Windows 11 ilikihamisha kitufe cha Start kutoka pembeni kushoto kikakaa katikati, watu wakalalamika, lakini kazi yake haikubadilika.

Kufungua programu usihangaike kutafuta ikoni. Bonyeza kitufe cha kibodi chenye alama ya Windows, kilicho chini kushoto, kisha anza kuandika jina la unachokitaka. Herufi tatu nne zinatosha. Kwa kifupi nitakiita kitufe hicho "Windows".

Kila programu hufunguka ndani ya dirisha lake, na pembeni juu kulia pana vitufe vitatu. Kistari hulikunja dirisha. Programu haijafungwa, imeshuka kwenye upau wa chini na inakusubiri. Kisanduku hulitanua lijaze skrini au hulirudisha kuwa dogo. Alama ya X hulifunga kabisa. Watu wengi hawakitumii kistari, hufunga na kufungua upya kutwa nzima, na kompyuta yenye memori ndogo huchoka nao. Ukitaka kuhama haraka kati ya madirisha, shikilia Alt ukigonga Tab. Ukitaka kuweka mawili sambamba, tuseme unasoma tangazo la kazi huku ukiandika barua ya maombi, chagua dirisha la kwanza, shikilia Windows ukibonyeza mshale wa kushoto. La pili lipeleke kulia kwa njia hiyohiyo. Windows pamoja na herufi D hukunja yote kwa mpigo na kukurudisha Desktop.

Faili, folda na anwani

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ninakuomba usiharakishe.

Chochote unachokitengeneza au kukipokea kwenye kompyuta huwa faili: barua, picha, wimbo, risiti. Faili hukaa ndani ya folda, na folda huweza kukaa ndani ya folda nyingine. Programu inayokuonyesha haya yote inaitwa File Explorer, na kuifungua unashikilia Windows ukibonyeza E. Upande wa kushoto utaona majina: Desktop, Documents, Downloads, Pictures, Music, Videos, na chini yake "This PC", ambako kuna diski C. Herufi A na B zilitengwa zamani kwa ajili ya disketi, hivyo diski ya kompyuta ikapewa C, na imebaki nayo hata baada ya disketi kupitwa na wakati. Flashi ukiichomeka hupewa herufi inayofuata iliyo wazi, mara nyingi D au E.

Tumchukue Asha, katibu wa kikundi cha vikoba. Muhtasari wa kikao chake unaweza kuwa na anwani hii:

C:\Users\Asha\Documents\Vikoba\2026\2026-03-14 Muhtasari wa kikao.docx

Isome kama unavyomwelekeza mgeni: mtaa huu, nyumba hii, chumba kile, kabati lile. Diski C, ndani yake folda ya watumiaji, ndani yake ya Asha, kisha Documents, kisha Vikoba, kisha mwaka, halafu faili lenyewe. Kila alama ya mkwaju ni hatua moja ya kuingia ndani. Ukibofya sehemu tupu ya upau wa juu wa File Explorer utaiona anwani ya folda uliyomo ikiwa imeandikwa hivyo hivyo. Fanya hivyo mara kwa mara hadi macho yazoee.

Sasa tengeneza folda zako. Ingia Documents, bofya kulia mahali patupu, chagua "New" kisha "Folder", andika jina, bonyeza Enter. Tengeneza tatu au nne tu, kwa kufuata maisha yako yalivyo: Kazi, Shule, Familia, Kikundi. Folda 20 za siku ya kwanza zitakuchanganya. Jina likikosewa, chagua folda, bonyeza F2, andika upya.

Majina ya mafaili yastahili heshima. Kompyuta nyingi nilizozisaidia zimejaa "barua", "barua mpya", "barua mpya ya mwisho" na "barua mpya ya mwisho kabisa", na mwenyewe hajui ipi ndiyo iliyotumwa. Weka tarehe mwanzoni, mwaka ukitangulia, kisha mwezi, kisha siku, kama alivyofanya Asha. Mafaili yatajipanga yenyewe kwa mfuatano wa siku, hata yakifika mia. Windows hairuhusu baadhi ya alama kwenye jina, zikiwemo mkwaju, nukta mbili, alama ya kuuliza na nyota. Kwa hiyo tarehe zitenge kwa kistari.

Baada ya jina huja nukta na herufi chache: .docx ni maandishi ya Word, .xlsx ni jedwali la Excel, .pdf ni waraka wa kusomwa na kuchapishwa, .jpg ni picha, .mp3 ni sauti. Herufi hizo ndizo huiambia Windows ifungue faili kwa programu gani. Kwa bahati mbaya Windows huja ikiwa imezificha. Zifichue leo: ndani ya File Explorer bofya "View", kisha "Show", kisha "File name extensions". Sababu yangu ni ya usalama. Faili linaloishia na .exe ni programu, ukilifungua linaanza kufanya kazi ndani ya kompyuta yako. Mhalifu anaweza kukutumia kitu kinachoitwa "Tangazo la ajira.pdf.exe", nawe, mkia ukiwa umefichwa, utaona "Tangazo la ajira.pdf" na utabofya bila wasiwasi.

Kuhifadhi nako kuna mambo mawili yasiyofanana. "Save" huandika mabadiliko juu ya faili lilelile. "Save As" hukuuliza jina na mahali, kisha hutengeneza faili jipya huku la zamani likibaki kama lilivyokuwa. Ukichukua barua ya mwaka jana ili uibadilishe iwe ya mwaka huu, anza na "Save As" kabla ya kugusa neno hata moja, la sivyo barua ya mwaka jana itapotea chini ya mpya. Na kila mara dirisha la kuhifadhi linapofunguka, soma juu limeandika folda gani. Sekunde mbili za kusoma hapo ndizo zinazowatofautisha wanaopoteza kazi zao na wasiopoteza.

Unachokipakua kutoka intaneti, iwe kiambatisho cha barua pepe au fomu ya chuo, kwa kawaida huangukia Downloads. Usikiache huko. Kihamishie kwenye folda yake siku hiyohiyo, kwa sababu Downloads hujaa upesi na baada ya mwezi hutajua kipi ni kipi.

Kuhamisha na kunakili hufanywa kwa vitufe vitatu vilivyopangana chini ya kibodi. Shikilia Ctrl ukibonyeza C kunakili, X kukata, kisha nenda unakotaka na ubonyeze V kubandika. Ukinakili, faili hubaki pale na nakala huja hapa. Ukikata, faili zima huhama. Kuburuta kwa kipanya kuna kanuni yake ambayo wengi hawaijui: ukiburuta faili kutoka folda moja hadi nyingine ndani ya diski ileile, linahama, ukiliburuta hadi kwenye flashi, linanakiliwa. Kwa hiyo mtu anayesema "nilikopi tu na sasa halipo" huenda alilihamisha.

Ukikosea, bonyeza Ctrl na Z. Wengi huijua kwa kurudisha maneno ndani ya Word, lakini hata ndani ya File Explorer hufanya kazi: umefuta faili, umelihamishia kusikojulikana, umebadilisha jina vibaya, Ctrl na Z hurudisha tendo la mwisho.

Faili ulilolifuta kwenye diski ya kompyuta huenda Recycle Bin, pipa lile la kwenye Desktop, nalo kwa kawaida hukaa humo hadi pipa limwagwe. Lifungue, chagua faili, bofya kulia, chagua "Restore", nalo litarudi mahali lilipotoka. Ila ukifuta kwenye flashi, faili haliendi kwenye pipa, linaondoka moja kwa moja. Vivyo hivyo ukishikilia Shift ukibonyeza Delete. Usifanye usafi wa flashi ukiwa na usingizi.

Kuna mtego mmoja wa siku hizi. Ukiingia Windows kwa akaunti ya Microsoft, mara nyingi folda za Desktop na Documents huunganishwa na OneDrive, hifadhi ya mtandaoni yenye nafasi ya bure ya GB 5. Faili lenye alama ya wingu pembeni yake halimo kwenye kompyuta yako. Liko mtandaoni, na bila bando halitafunguka. Faili unalolihitaji safarini, bofya kulia na uchague "Always keep on this device" ukiwa bado una mtandao.

Flashi na duka la steshenari

Flashi hueneza virusi vingi kwetu, hasa kwenye maduka ya kuchapisha ambako mashine moja hupokea flashi za mtaa mzima. Dalili inayojulikana sana ni hii: unarudi nyumbani, unafungua flashi, unakuta kila folda imegeuka ikoni yenye mshale mdogo pembeni chini, au ikoni moja tu yenye jina la flashi yenyewe. Usibofye. Kila ukibofya ikoni hiyo unawasha kirusi, nacho huingia kwenye kompyuta yako. Mafaili yako kwa kawaida hayajafutwa, yamefichwa tu. Toka, bofya flashi kulia ndani ya "This PC", chagua kuikagua kwa Defender, ambayo ni kinga inayokuja na Windows bila malipo. Kisha tafuta anayejua kuyafichua mafaili hayo. Akikuambia dawa ni kuiformati flashi kwanza, mkatalie, maana kuformati ndiko kutakakoyafuta kweli.

Ukienda steshenari, beba flashi yenye faili la kuchapishwa tu, tena likiwa PDF, ili mpangilio wa kurasa usivurugike kwenye Word ya mashine nyingine. Ukilituma kwa barua pepe au WhatsApp na ukalifungulia kwenye mashine ya dukani, hakikisha umetoka kwenye akaunti yako, umelifuta kwenye Downloads ya pale, na umemwaga Recycle Bin. Nakala za vitambulisho, vyeti vya shule na wasifu wa kazi za watu wasiojuana hulala kwenye kompyuta hizo miezi mingi, na yeyote anaweza kuzichukua. Mwenye duka mwaminifu hatakasirika ukiomba kufuta.

Kabla ya kuichomoa flashi, bofya kulia juu yake ndani ya File Explorer na uchague "Eject". Na ukiambiwa faili ni kubwa mno wakati flashi ina nafasi tele, sababu huwa mpangilio wa flashi uitwao FAT32, ambao haupokei faili moja linalofika GB 4.

Bando na umeme

Windows hujisasisha yenyewe, na masasisho hayo ni muhimu kwa usalama, lakini ukiwa umeunganishwa na hotspoti ya simu yanaweza kumaliza bando lote kabla hujafungua ukurasa mmoja. Fungua "Settings", ingia "Network & internet", kisha "Wi-Fi", fungua sifa za mtandao wa simu yako na uwashe "Metered connection". Windows itajua kwamba mtandao huo unalipiwa kwa kipimo na itapunguza sana upakuaji wa chinichini. Ukifika mahali penye Wi-Fi ya ofisi au chuo, iruhusu ijisasishe hadi mwisho. Usizime masasisho moja kwa moja.

Umeme ukikatika, kompyuta ya mezani isiyo na UPS, yaani kifaa cha umeme wa akiba, huzimika palepale na chochote ambacho hukukihifadhi kimekwenda. Zoesha vidole vyako Ctrl na S kila umalizapo aya. Mwenye kompyuta mpakato analindwa na betri, ila asisubiri ifike asilimia tano.

Programu ikiganda, subiri kidogo kwanza. Isipoamka, shikilia Ctrl na Shift ubonyeze Esc, chagua jina lake kwenye orodha inayojitokeza na ubofye "End task". Kompyuta nzima ikianza kuwa na mambo ya ajabu, chagua "Restart" badala ya "Shut down". Katika mashine nyingi, kuzima kwa kawaida huhifadhi sehemu ya hali ya mfumo ili uwakaji unaofuata uwe wa haraka, na tatizo linaweza kuamka nalo asubuhi. "Restart" huanza upya kabisa. Kuikatia umeme kwa kubonyeza kitufe cha kuwashia muda mrefu, kuache kuwe njia ya mwisho.

Ukiinuka mezani, Windows na L hufunga skrini hadi PIN iandikwe. Fanya hivyo hata nyumbani, watoto wakiwa karibu.

Wiki yako ya kwanza usiigawe kwa programu nyingi. Chukua picha na nyaraka ulizonazo, zitengenezee folda, zihamishe, zibadilishe majina, futa moja na uirudishe, tafuta nyingine kwa kisanduku cha kutafutia kilicho juu kulia ndani ya File Explorer. Rudia hadi uweze kumtajia mtu anwani ya faili lolote la muhimu bila kuangalia skrini. Hapo ndipo Word iwe somo lako linalofuata.

Kisha fanya nakala. Diski huharibika, kompyuta huibwa na chai humwagika. Mafaili usiyoweza kuyapata tena yanakiliwe kwenye flashi au diski ya nje mara moja kwa wiki, na yaliyo machache na muhimu zaidi yapandishwe mtandaoni. Google hutoa GB 15 za bure, ingawa nafasi hiyo hugawanywa na barua pepe na picha zako. Flashi ya nakala usiitembeze kwenye begi moja na kompyuta, kwa sababu mwizi huondoka na begi zima. Iache nyumbani.